Alama za Tupa

Mavyaa alipitisha mkono chini ya pazia akanisukumia kipande cha chuma kilichoviringishwa kitambaa cha mafuta. "Fundi auliza hiki ni kitu gani," akasema, kana kwamba mimi niko Mombasa na sauti ya fundi haijanifikia. Ilikuwa imenifikia vizuri sana. Fundi alikuwa amekaa ukumbini, upande wa pili wa pazia, na nyumba yetu ya Malindi si jumba. Lakini nilikuwa ndani ya eda, na mavyaa, mama wa marehemu mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Takaungu mahsusi kuhakikisha kwamba naikaa eda hiyo ipasavyo. Sheria inamruhusu mjane kusema na mwanamume akiwa na haja. Mavyaa alikuwa na sheria zake mwenyewe, kali kuliko za vitabuni. Swali lilipita kwake, jibu lilipita kwake, na sisi wawili tuliokuwa tukisikizana tulingoja tupelekewe maneno yetu.

Fundi huyu ni mtu wa makamo. Watu wake ni wakulima wa bara, na yeye hutengeneza malori Mariakani. Kwa miaka mingi yeye na marehemu walikuwa wakipeana kazi: ya kuchomelea ikienda kwake, ya kuchonga ikija kwetu. Kwa hiyo familia ilipokaa na kukubaliana kwamba mashine isiachwe ikaliwa na kutu, jina lililotajwa lilikuwa lake. Ni mashine ndogo ya kuchonga chuma, ya kukaa juu ya meza. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni keekee ya kutobolea, ila meza yake husogea huku na huku, na kisu chake hula chuma kwa ubavu. Marehemu aliipata kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Asubuhi ile fundi alikuja kuifungua aipakie, na katika kukusanya vifaa akakuta, nyuma kabisa ya rafu, kitu asichokijua.

Mimi pia sikukijua, na hilo ndilo lililonishtua. Kila kilichokuwa kwenye rafu ile nilikijua kwa mkono wangu.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo asubuhi ile nilidhani nalijua peke yangu. Mume wangu alikuwa haoni. Presha ya macho ilimwingia polepole, ikaanza kumla pembeni, na alipokubali kwenda hospitali daktari alimwambia kwamba kilichokwenda hakirudi. Hakutaka mtu ajue. Fundi wa kuchonga asiyeona, alisema, ni sawa na muadhini bubu. Watu watamhurumia na kazi watapeleka kwingine. Basi tukafanya hivi. Yeye alipokea wateja barazani, akakigeuzageuza chuma chao mikononi, akauliza maswali yake, akataja siku ya kuja kuchukua. Kisha akakiingiza uani, mlango ukafungwa, na mimi nikasimama kwenye mashine. Alinifundisha kila kitu kwa maneno. Alikaa kitini nyuma yangu akisikiliza sauti ya kisu, na akisema "unakimbia," kweli nilikuwa nakimbia.

Watu walisifu mkono wake. Walisema pia kwamba siku hizi amekuwa na maringo, hamsalimu mtu mpaka asalimiwe. "Bora maringo," alikuwa akisema. Tukienda Takaungu kumwona mamake, alinishika bega tangu kituoni mpaka mlangoni, na mavyaa akatutania kwamba tumezeeka lakini mapenzi yetu bado mabichi. Nikacheka nikaacha ipite. Nilimsitiri mume wangu, na sioni haya kusema kwamba nilijiona mtu kwa kumsitiri. Nilijiona mimi ndiye macho yake.

Nikakifungua kile kitambaa. Kilikuwa kishikio cha koleti. Kisu cha mashine hii hakishikwi na mashine yenyewe. Hubanwa na koleti, ambayo ni pete ya chuma iliyotiwa mipasuo ili ibonyee, na koleti nayo hukaa ndani ya kishikio. Upande mmoja wa kishikio pana nati ya kukazia, na upande wa pili kimechongoka kama karoti ili kiingie kwenye tundu la mashine. Chetu ningekitambua hata taa zikizimika. Hiki kilikuwa kifupi zaidi, nati yake nene, na shingoni kilikuwa na maandishi madogo mno yaliyokwanguliwa.

"Mwulize," nikamnong'oneza mavyaa, "akikitia kwenye mashine, chaingia?"

"Auliza chaingia?" mavyaa akapaza sauti.

"Ngoja nijaribu, bibi," fundi akasema. Nikakirudisha chini ya pazia, naye akatoka nacho kwenda uani.

Tukabaki wawili, kila mmoja upande wake wa pazia. Siku zile tulikuwa tumechokana. Tangu afike alikuwa ameliteka jiko langu. Makopo yangu ya viungo, niliyoyatunza bila hata mkwaruzo, aliyakata vifuniko vyote kwa ncha ya kisu: chumvi mkato mmoja, sukari miwili, bizari mitatu, na kuendelea. Nilipomwuliza ndiyo nini, akanijibu kwamba kwao Takaungu wanafanya hivyo tangu enzi za mamake. Nikamwambia kwetu Malindi tunasoma. Na kilichonikera zaidi ni komeo la mlango wa jikoni. Komeo hilo marehemu alisema kalinunua dukani, na tangu alitie lilikuwa likinigombeza kila siku. Nililivuta, nikalitikisa, nikalipiga kwa kiatu. Mavyaa alilifungua siku ya kwanza bila hata kulitazama, wala halikulia.

Fundi akarudi. "Kinaingia, bibi, na kinatulia, hakichezi. Lakini ile bolti ndefu ya juu, ile inayokivuta kisidondoke, inauma mara moja tu halafu inagoma."

Hapo nikajua. Mchongoko ni wa kipimo kimoja na mashine yetu, lakini hesi za ndani, ile mizunguko inayouma bolti, ni za inchi, na bolti yetu ni ya milimita. Tofauti hiyo haionekani kwa kutupia jicho, na kwa kidole ni vigumu zaidi. Yale maandishi ya shingoni ndiyo yanayoisema. Aliyekinunua hakuyasoma, nikawaza, na nikaendelea mbele kama mtu aliyepita mlango wa nyumba yake bila kuuona.

"Mwambie ni cha inchi."

"Asema ni cha inchi."

"Ahaa. Basi kilitengenezewa mashine nyingine," fundi akasema. "Nimekipiga picha nikawatumia wenzangu kwenye simu, na kila mmoja amekuja na lake. Lakini bibi, si hilo linalonisumbua." Akakohoa kidogo, kama wanavyokohoa watu waungwana kabla ya kusema jambo baya. "Hiki kitu kimeharibiwa. Mtu amekichezea kwa tupa. Kuna kikopo cha koleti zake hapa, na kila moja imekatwa ukingoni. Koleti haiguswi na tupa, bibi. Mimi simsemi marehemu, Mungu amrehemu. Lakini kimetoka kwenye karakana yake, na mafundi watakaokiona kwangu wataniuliza ni nani aliyefanya hivi, nami sitakuwa na la kuwajibu."

Kwenye pazia niliona kivuli cha mavyaa kikinyoosha mgongo. "Mwanangu hajapata kuharibu chombo tangu alipozaliwa," akasema.

"Ndiyo maana nauliza, bibi."

Kikopo kikapita chini ya pazia, na kishikio nyuma yake, pamoja na chuma kirefu ambacho fundi alisema alikitoa mapema ndani ya kitambaa akakiweka kando, hajui kama ni cha kutupwa. Nikazimwaga koleti mkekani. Ndogo kabisa ilikuwa na mkato mmoja ukingoni. Iliyoifuata, miwili. Iliyofuata, mitatu. Nikaenda hivyo mpaka kubwa yao. Mikato ilikuwa imepangwa kwa nafasi sawa, na kila mmoja ulikuwa umelainishwa midomo ili usikwaruze ngozi. Kwenye nati palikuwa na mkato mmoja mpana. Nikakichukua kile chuma kirefu. Kilikuwa bolti, na ncha yake ilikuwa na hesi mpya, zinang'aa. Nikaitia kwenye tako la kishikio na kuizungusha. Ikaingia mpaka mwisho, laini, bila kugoma.

Katika mdomo wa kishikio kisu kilikuwa bado kimebanwa. Kwenye kona zake palikuwa na chembe za chuma.

Kwa hiyo alikinunua mwenyewe. Alikiagiza bila kumwomba mtu amsomee, kikaja cha inchi, na badala ya kuniambia kimekosewa akakaa akatengeneza bolti yake. Kisha akazitia koleti alama ili kidole chake kizisome. Na akafanya kazi. Alifanya kazi nisipokuwapo, siku za arusi na za matanga, na zile nilizokwenda kwa dadangu Kisumu Ndogo nikachelewa kurudi. Nikakumbuka nilivyokuwa nikizikuta chembe chini ya mashine nikajilaumu kwamba nimefagia vibaya. Nikakumbuka vidonda vya vidoleni alivyosema ni vya mbuzi ya kukunia nazi. Mume wangu hakuwahi kukuna nazi maishani mwake, nami niliamini.

Aibu iliyonishika pale mkekani sijui niiseme vipi. Wapo watu wanaoona haya kwa kukamatwa. Mimi niliona haya kwa kufichwa. Nilidhani sisi wawili tunaificha dunia, kumbe alikuwa akinificha mimi. Nilisimama mbele ya mashine yake miaka yote hiyo, yeye nikamweka kitini nyuma yangu, na hata siku moja sikumwuliza: wataka kuishika? Nilijua angekatwa vidole. Nilijua bila kuuliza. Na yeye alijua kwamba ningepiga kelele, kwa hiyo alingoja nitoke kwenda kwenye arusi za watu, kama mtoto anayengoja mamake alale achezee kiberiti. Nilijifunika uso kwa ukaya, ingawa hapakuwa na aliyenitazama.

"Mama?" fundi akaita. Hakuniita kwa ujeuri. Alikuwa amengoja sana.

Sasa nifanye nini? Nikieleza zile alama, nitakuwa nimesema mbele ya mamake kwamba alikuwa kipofu, jambo alilolificha mpaka likaingia naye kaburini. Nikinyamaza, maneno yatafika Mariakani kabla ya mashine: yule fundi wa Malindi mnayemsifu alikuwa akipiga koleti tupa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaapa moyoni kwamba kifo kimuumbue kikipenda, lakini si kwa ulimi wangu.

"Ni mimi!" nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, kubwa, bila kumpitia mtu. "Mimi ndiye niliyezikata. Nilikuwa nikichezea vitu vyake akiwa hayupo."

"Haya, mama," fundi akasema kwa upole. "Si neno. Hutokea." Upole huo uliniuma kuliko kama angenitukana. Nilijua jioni hiyo atasimulia, bila ubaya wowote, habari za mke aliyeharibu vyombo vya mumewe, na watu watatikisa vichwa wakimhurumia marehemu. Nikajiambia ndivyo nilivyotaka.

Pazia likafunguliwa kwa nguvu. Mavyaa akaingia, akanisimamia. "Sauti yako imefika barabarani," akasema. "Mwanamke wa eda! Na uliyoyasema yashinda sauti. Mwanangu akihangaika kukulisha, wewe wachezea vyombo vyake?"

Nikaanza kuzikusanya koleti.

"Hebu nipa," mavyaa akasema, akachuchumaa na kuanza kuzoa koleti arudishe kwa mwenyewe. Alipapasa mkekani, akaokota moja, akaokota nyingine. Mkono wake ukasita. Akaibana ile koleti kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akaizungusha polepole. Akaiweka chini akachukua ya pili. Wakati wote huo hakuwa akizitazama. Uso wake ulielekea dirishani, na midomo ilikuwa ikitikisika kama ya mtu anayevuta tasbihi.

"Mbili," akasema. "Hii tatu. Hii..." Akafika ile kubwa, akaifumbata kiganjani. Hasira zote zilikuwa zimemtoka.

"Tangu lini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu lini nini, mama?"

"Usinifanye mjinga. Tangu lini mwanangu alikuwa haoni?"

Nikamwambia ni muda. Nikataka kuongeza kwamba tulikuwa tumepanga kumweleza, lakini uongo mmoja kwa asubuhi moja ulinitosha.

Akatikisa kichwa. "Aliyazoea kwangu," akasema. "Makopo ya mamangu yalikuwa hivi hivi, na mimi nikaendelea nayo, na yeye amekulia jikoni humo. Mamangu hakuona. Na mimi siku hizi sioni, mwanangu. Uso wako sijauona tangu nije. Nakujua kwa unavyovuta pumzi ukinikasirikia."

Nilitazama macho yake kwa mara ya kwanza tangu afike, na mara hiyo nikaona kilichokuwa wazi kabisa. Miaka mingi niliishi na mtu asiyeona, nikajua kila hila yake, anavyogusa ukuta, anavyongoja useme kwanza ajue uko wapi. Kisha mamake akaja akakaa nyumbani kwangu, akagusa kuta zile zile, nami nikaona ni mkwe anayenitawalia jiko. Nilimwambia kwetu Malindi tunasoma.

Mavyaa akainuka kwa kulishika bega langu. Akasimama kwenye pazia.

"Fundi," akasema. "Mke wa mwanangu amesema uongo, tuwie radhi. Hakuharibu kitu, na mwanangu hakuharibu kitu. Mwanangu alikuwa haoni, kama mimi nisivyoona. Alama hizo ni za kusomea kwa kidole. Ni desturi ya nyumba yetu, na wa kulaumiwa ni mimi, maana nilipoanza kupofuka niliwaficha watu, naye akaona ndivyo inavyofanywa."

Kwa maneno hayo machache aliifungua sitara yote niliyoishona kwa miaka. Nilingoja nimsikie fundi akishangaa, au akiuliza ni nani basi aliyekuwa akichonga zile kazi. Hakuuliza. Nilimsikia akivuta kiti, akasimama.

"Basi bibi, hiki sikichukui," akasema. "Hiki ni chenu."

Alipakia mashine pamoja na kile kishikio cha zamani nilichokuwa nikitumia mimi, akaaga, mavyaa akamwombea safari njema. Nilikaa chumbani mpaka mlio wa gari ukapotea. Kisha nikamkamata mavyaa mkono nimpeleke jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza namshika mkono, naye akaniachia, ingawa jikoni alipajua kuliko mimi sasa.

Mlangoni akasimama na kuweka kiganja juu ya komeo.

"Na hili pia ni lake," akasema.

"Hilo alilinunua dukani."

"Nani kakudanganya?" Akanitafuta mkono, akalikamata dole gumba langu, akaliweka juu ya kile chuma, kwenye ukingo wa nyuma ambao haujawahi kuonekana na mtu kwa kuwa unaelekea ukutani. Palikuwa na mkato mmoja, midomo yake imelainishwa. "Hapa ndipo pa kuinulia. Inua kwanza, kisha sukuma."

Nikainua, nikasukuma. Komeo likateleza bila kulia.

Nikaikumbuka siku alipolitia. Alisimama kando akiwa amefunga mikono, akingoja nilijaribu, nami nikalivuta, likagoma, nikalivuta tena. Nikamgeukia nikamwambia, kwa mzaha, maana mimi napenda mzaha: "Fundi aliyechonga komeo hili alikuwa kipofu." Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikafurahi kwamba nimemchekesha.